Tik Kwenye Wimbo Namba Moja

Kwa miaka kumi na mitatu Verla Stroud alikuwa analipwa mshahara wa kusikiliza muziki bila kuusikiliza. Ukimwambia mtu hivyo anadhani unamtania, lakini ndiyo iliyokuwa kazi yake, na aliijua kama mpishi anavyoijua chumvi.

Kiwanda kilikuwa kando ya mto, mashariki mwa Indiana, jengo refu la matofali lenye harufu ya lami ya moto. Chini, mashine ishirini zilikandamiza santuri usiku na mchana, mvuke ukitoka puu, puu. Juu, vilikuwepo vibanda vinne vya kioo, na ndani ya kila kibanda mwanamke mmoja, gramafoni moja, na visikilizio vya kuvaa masikioni. Katika kila santuri mia, moja ilipandishwa juu. Mwanamke anaiweka, anaisikiliza mpaka mwisho, anaandika kwenye karatasi yake: safi, au ina kasoro, na kasoro ya namna gani. Halafu anagonga mhuri wa namba yake, hapo na kwenye bahasha ya santuri. Verla alikuwa namba saba.

Juu ya mlango wa vibanda palikuwa na kibao alichokipigilia marehemu mzee Dietz, yule Mjerumani aliyewafundisha wote kazi: ANAYESIKILIZA WIMBO HASIKII SANTURI. Maana yake ni nyepesi. Ukishafuata maneno ya wimbo, nani kamwacha nani na machozi yamemwagika wapi, sikio linaruka mkwaruzo kama jicho linavyoruka kiraka kwenye gauni la bibi harusi. Kwa hiyo wanawake wa vibandani walijifunza kuusukuma wimbo pembeni na kusikiliza kilicho chini yake: vumbi, mpasuko, mvumo, tik.

Ndiyo maana watu walipomuuliza Verla kanisani, "Yule mwimbaji mpya wa Tennessee yukoje?" alijibu, "Upande wa pili una kelele ukingoni." Hakuwa anaringa. Hakujua zaidi ya hapo.

Sikio hilo alizaliwa nalo. Baba yake alikuwa na mashine ya kupura ngano, akizunguka nayo mashamba ya watu kila kiangazi, na Verla akiwa na miaka minane ndiye aliyekuwa akimwambia, "Baba, gurudumu la nyuma linataka mafuta," kabla halijaanza kulia kwa wengine. Kisha akaolewa na Orville Stroud, fundi wa kiwanda cha mashine za kukatia majani, ambaye nyundo na injini zilikuwa zimeshamla masikio yote mawili kabla hajafika arobaini. Ndoa ya mtu anayesikia kila kitu na mtu asiyesikia chochote. Watu walicheka, lakini ilidumu. Yeye Verla hakuwahi kujibiwa kwa hasira, kwa sababu nusu ya aliyoyasema hayakufika.

Sasa, mwezi wa pili mwaka hamsini na saba, ukaletwa wimbo wa kijana mmoja wa Arkansas, Cass Tolliver, mwenye nywele zilizopakwa mafuta mpaka utadhani katoka mtoni. Rokenroli. Wimbo wenyewe uliitwa "Niachie Taa, Ruby." Kila wimbo mpya ulikuwa na santuri yake ya kwanza, ile ya kufungulia njia: ikipitishwa na msikilizaji mmoja, mashine zote zinaanza, na zinazofuata zinapimwa kwa hiyo: kilichomo ndani yake hakiandikwi tena kuwa kasoro. Jumanne ile asubuhi zamu ya kufungulia njia ilikuwa ya namba saba.

Verla akavaa visikilizio, akashusha sindano, akachukua penseli. Na hapo likatokea jambo ambalo halikuwahi kutokea kwa miaka kumi na mitatu. Kijana akaita, "Ruby, niachie taa, nipo njiani," na Verla Stroud, mwanamke wa miaka arobaini na tisa, mke wa mtu, mwalimu wa shule ya Jumapili, akataka kujua kama Ruby aliiacha au hakuiacha.

Alipozinduka sindano ilikuwa imeshafika kwenye lebo. Mguu wake ulikuwa umevua kiatu wenyewe. Masikio yalimwaka moto kama ya msichana aliyefumwa nyuma ya ghala. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Kila mmoja ameinamia lake. Angeweza kuirudia. Sheria iliruhusu kurudia. Lakini kurudia kungemfanya bwana Eshelman, msimamizi, aulize kwa nini, na ataambiwa nini? Akaandika "safi", akagonga saba, akaipitisha. Hakumwambia mtu yeyote, hata Orville, na Orville siri ungeweza kumpa mkononi akaiacha sokoni bila kujua.

Baada ya wiki tatu, "Niachie Taa, Ruby" ukawa wimbo namba moja nchi nzima. Mashine ishirini hazikupumzika. Wavulana wa kituo cha mafuta waliuimba, muuza nyama aliuimba, na mchungaji alihubiri dhidi yake huku akiutaja kwa jina kwa usahihi wa kutia shaka.

Alhamisi moja, saa ya chakula, Verla alikuwa anakula mkate wake wenye nyama ya nguruwe iliyopondwa na kukaangwa mpaka imeuzidi mkate pande zote, Nadine Purkey wa kibanda cha pili akaja kukaa mbele yake. Nadine alikuwa rafiki yake wa damu na gazeti la kiwanda kizima.

"Shoga, maliza kula kwanza, ndipo nikwambie."

"Niambie sasa."

"Kula, maana nikikwambia hutakula, na hiyo nyama nitaionea huruma."

Verla akausukuma mkate katikati ya meza. "Haya, chukua. Sema."

Nadine akachukua kweli, akauma, ndipo akasema. "Ruby amerudi. Maboksi na maboksi, kutoka Chicago. Wenye yale masanduku ya muziki ya kwenye migahawa wanalalamika. Wanasema santuri ina tik. Kila mzunguko, tik. Kuna bwana kaja na mkoba, yuko kwa Eshelman tangu saa nne, na amekataa kahawa."

"Amekataa kahawa?"

"Amekataa. Mtu anayekataa kahawa ya Eshelman ama ana busara ama ana hasira, na huyu hana sura ya busara." Nadine akafuta mdomo. "Verla, ile ya kufungulia njia aliipitisha nani?"

Verla akaanza kuokota makombo ya mkate mezani. Nadine akaacha kutafuna.

"Ah," akasema. "Pole, mama. Chukua mkate wako."

Ofisi ya bwana Eshelman ilikuwa ya kioo kama vibanda, ili aone kila mtu na kila mtu amwone. Eshelman alikuwa mtu mwema mwenye kiungulia. Mgeni alikuwa bwana Lathrop wa kampuni iliyouza nyimbo za Tolliver, suti ya kijivu, viatu visivyojua matope. Mezani palikuwa na gramafoni, na kando yake bahasha ya santuri yenye mhuri wa saba.

"Bibi Stroud," Lathrop akasema, "tafadhali tusikilize pamoja."

Akashusha sindano. Mwanzo ulikuwa safi. Ulipofika mchezo wa gitaa, ikaanza: tik. Ndogo sana, kavu, kama ukucha unagonga kikombe. Tik. Tik. Tik. Mpaka mwisho wa wimbo. Verla aliisikia waziwazi.

Santuri hizi ndogo huzunguka mara arobaini na tano kwa dakika. Mkwaruzo ukikaa juu yake, unapita chini ya sindano mara moja kila mzunguko, na unapiga tik kwa mwendo huo huo, haukosei. Mtu wa santuri anaujua mwendo huo kama mama anavyojua kikohozi cha mwanawe. Wenye masanduku ya muziki wanaujua. Lathrop aliujua. Na tik hii ilikuwa na mwendo huo kabisa.

"Nimeitazama kwa kioo cha kukuzia," Eshelman akasema kinyonge. "Sioni mkwaruzo."

"Kwa sababu hauko juu," Lathrop akasema. "Uko kwenye bamba la kukandamizia santuri. Bamba mama lina kasoro, na watoto wote wameirithi. Santuri laki tatu, bwana Eshelman! Laki tatu! Wimbo wetu ni namba moja, na kila anayeununua anadhani amenunua saa ya ukutani."

"Na tepe yenyewe ya studio inasemaje?"

"Tepe imefungiwa kwenye sefu huko kwao, na mwenye ufunguo ameenda kuvua samaki mpaka kesho. Kesho hiyo hiyo mimi natoa uamuzi. Mkiwa mmeharibu nyie, mabamba yanayeyushwa, santuri zinasagwa, na kazi ya Tolliver inahamia kiwanda kingine." Akamgeukia Verla. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Bibi Stroud, siku ile uliisikia hii tik, au hukuisikia?"

Hapo ndipo penye mtego. Akisema aliisikia, kwa nini aliandika safi? Akisema hakuisikia, basi sikio limekufa, na msikilizaji mwenye sikio lililokufa hushushwa chini kwenye kufunga maboksi. Na ukweli alioujua moyoni ulikuwa mbaya kuliko yote mawili: hakujua, kwa sababu alikuwa anamngoja Ruby.

"Nataka kuiona karatasi yangu ya siku ile," akasema.

"Kesho saa tatu asubuhi," Eshelman akasema haraka, kabla Lathrop hajakataa. "Uniandikie maelezo, Verla. Kesho saa tatu."

Nyumbani alipika viazi, akavisahau, akavitoa vimeungua upande mmoja. Orville alivila upande mwingine, halafu akasema, "Haya mama, nini?"

Kumweleza Orville jambo ni lazima upige kelele, na madirisha yalikuwa wazi, kwa hiyo siri za nyumba ile mtaa wote ulizipata zikiwa za moto. Verla akapiga kelele yote: tik, maboksi, bwana wa mkoba, kushushwa chini.

"Mimi sisikii kitu," Orville akasema, "na hakuna aliyenifukuza kazi."

"Wewe hulipwi kusikia!"

"Kweli." Akatafuna. "Kwani siku ile ulisikia nini?"

Verla akatazama sahani yake. "Nilisikia wimbo."

"Sema tena, mama."

"NILISIKIA WIMBO! Niliusikiliza! Wote!"

Ng'ambo ya uzio, mama Hoskins aliacha kuanua nguo ili asipitwe.

Orville akaweka uma chini. Miaka ishirini na sita ya ndoa, hakuwahi kumsikia mkewe akisema amesikiliza wimbo. "Ukoje?" akauliza.

Hakuna aliyekuwa amemuuliza hivyo. Nchi nzima ilikuwa inauimba, wakubwa wanagombania tik yake, na hakuna aliyemuuliza Verla Stroud wimbo wenyewe ukoje.

"Mzuri," akasema, na akaona aibu kama amekiri wizi.

Orville alicheka mpaka akashika meza. "Miaka kumi na mitatu!" akasema. "Wamekupitishia nyimbo zote za dunia, umekuja kukamatwa na kijana wa Arkansas mwenye mafuta kichwani!" Na Verla, ambaye hakutaka, akacheka pia, kidogo, kwa pembeni. Lakini viazi hakuvigusa.

Kesho yake alifika kazini mapema, kabla ya wenzake. Karatasi za usikilizaji ziliwekwa kwenye kabati la chuma kwa tarehe. Akaitafuta Jumanne ile, akaipata. Jina la wimbo, namba ya bamba, neno "safi", saba. Na chini, mahali pa kuandikia kasoro, palipotakiwa kuwa peupe, palikuwa na nukta.

Nukta za penseli, zimepangana mstari mmoja, zimegongwa kwa nguvu mpaka nyingine zimetoboa karatasi. Hakukumbuka kuzigonga. Mkono ulizigonga wenyewe wakati mwenyewe yuko njiani kwa Ruby. Akazihesabu: thelathini na moja.

Akachukua karatasi akaingia nayo kibandani, akaweka "Niachie Taa, Ruby", akavaa visikilizio, akangoja gitaa lianze. Tik, moja. Tik, mbili. Akahesabu kwa vidole mpaka vidole vikaisha, akavirudia. Mpaka sindano inafika kwenye lebo, tik zilikuwa thelathini na moja.

Verla akavua visikilizio. Kumbe aliisikia. Zote, haikumpita hata moja. Tena kila ilipolia mkono wake uliijibu. Na mkono huu aliujua. Katika miaka kumi na mitatu ulikuwa umesikia mikwaruzo kuliko mvua ilivyonyesha Indiana, na haujawahi hata siku moja kucheza na mkwaruzo. Mkwaruzo unaukunja mkono. Hii tik iliuchezesha.

Ndipo akamkumbuka mzee Dietz, sharubu zake na chaki yake. Katika wiki ya kwanza ya mafunzo aliwaonyesha jambo moja, halafu hakuna aliyelihitaji tena. Alichora mstari wa chaki kwenye lebo, akawaambia watazame mstari uko wapi kila mkwaruzo unapolia. "Kasoro haitembei," alisema kwa Kiingereza chake cha kukwaruza. "Imepigiliwa kama msumari. Binadamu hutembea."

Chaki haikuwepo. Akachukua rangi ya mdomo kwenye mkoba wa Nadine, ambaye alikuwa ndiyo kwanza anaingia.

"We! Hiyo ni mpya!"

"Nitakununulia nyingine."

"Unajipamba kwa ajili ya bwana Lathrop?"

"Nyamaza, shoga, njoo utazame."

Akashusha sindano. Tik ya kwanza ilipolia, akasimamisha gramafoni kwa kidole na kuchora mstari mwekundu kwenye lebo, sambamba na sindano. Akarudisha nyuma, akaanza upya. Wote wawili wakainama, vichwa vinagusana, kisikilizio kimoja kwa mmoja. Tik, na mstari uko kwenye sindano. Tik, uko pale pale. Tik. Tik. Nadine akamtazama kwa huruma. Kumi, kumi na mbili, mstari bado uko pale, au karibu na pale.

"Verla," Nadine akaanza.

"Tazama."

Kumi na nane. Tik imelia, na mstari haujafika kwenye sindano. Umebakiza upana wa kidole. Ishirini na tatu, vidole viwili. Ishirini na nane, tatu. Tik ya mwisho ilipolia, mstari mwekundu ulikuwa mbali, umebakiza robo nzima ya mzunguko kufika.

Nadine akavua kisikilizio. "Inatembea," akasema. "Mama wee. Inatembea!"

"Kijana anakimbia," Verla akasema. "Anaanza sawasawa na santuri, halafu anakimbilia mwisho. Hiyo siyo kasoro, Nadine. Huyo ni mtu."

Saa tatu kamili alikuwa ofisini, santuri mkononi, karatasi ameikunja mfukoni. Alimweka Lathrop upande mmoja wa gramafoni na Eshelman upande mwingine kama watoto wa shule ya Jumapili, akawaonyesha. Lathrop alitaka kuiona mara ya pili. Akaiona. Akataka mara ya tatu kwa santuri nyingine, iliyotoka mashine nyingine, akachora mstari mwenyewe, akajipaka wekundu kwenye mkono wa shati. Mstari ukatembea vilevile.

"Kwa nini mwendo uwe sawa kabisa na wa mzunguko?" akauliza, lakini sasa aliuliza kama mtu anayetaka kujua.

"Wimbo una mapigo manne kwa kila mzunguko, na tik ni moja kila mapigo manne," Verla akasema. "Imetokea tu. Angeimba polepole kidogo kusingekuwa na mtu wa kulalamika. Sisi watu wa santuri ndio tuliosikia mkwaruzo. Wanaoununua, nani amelalamika?"

Lathrop akafungua mkoba, akapekua barua. Zote za wenye masanduku ya muziki. Hapakuwa na hata moja ya mnunuzi.

Simu ya kutoka kusini ilikuja saa nne na nusu. Mwenye ufunguo alikuwa amerudi kutoka mtoni. Eshelman alipokea, akasikiliza, na uso wake ukabadilika polepole kama wa mtu ambaye kiungulia kimemwacha.

"Ndiyo... Kitu gani? ... La mkanda?" Akaziba simu kwa kiganja. "Anasema ni bizimu. Chuma cha kufungia mkanda wake. Tolliver akianza kupiga gitaa anajitikisa, na bizimu linagonga mgongo wa gitaa. Ni kubwa, alilishinda kwenye mashindano ya kuvutisha nyumbu mizigo. Walimwomba alivue siku ya kurekodi, akasema akilivua haimbi."

Eshelman akaweka simu chini. Halafu Lathrop akajikalisha kwenye kiti, suti na yote, akaanza kucheka kwa kwikwi kama mtu anayelia. Ndipo Verla alipoona kwamba na yeye huyu alikuwa na wa kumshusha chini.

"Bwana Eshelman," Lathrop akasema alipoweza, "ile kahawa ipo?"

Kahawa ikaletwa, mbaya kama kawaida, akainywa yote. Eshelman akamtazama Verla juu ya miwani. "Sasa, Verla. Kwa nini ulikuja na wazo la Dietz? Jana ulitoka hapa kama maiti."

Angeweza kusema aliota. Lakini moyo ulikuwa mwepesi mno kubeba uongo. Akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua mezani. Nukta thelathini na moja.

Eshelman akazitazama. Akatazama kibao kilichokuwa juu ya mlango wa vibanda, kikionekana vizuri kupitia kioo. Akamtazama tena. "Ulikuwa unausikiliza wimbo," akasema.

"Nilikuwa nausikiliza."

"Namba saba. Mwanafunzi wa Dietz."

"Kiatu pia nilivua," Verla akasema. Akishakiri, anakiri.

Eshelman akajaribu kukunja uso, ukakataa kukunjika. Akaikunja karatasi badala yake, akaifungia kwenye droo yake mwenyewe. "Hii sijaiona," akasema. "Na usirudie."

"Subiri," Lathrop akasema. "Bibi Stroud, wewe ndiye mtu wa kwanza kuusikia nje ya studio. Mimi nasoma namba tu. Ukoje?"

Safari hii Verla hakuona aibu. Akafikiri kama anavyofikiri mtu mwenye kazi yake.

"Mchezo wa gitaa ni mrefu kupita kiasi, mngeukata nusu," akasema. "Ubeti wa pili maneno hayana kichwa wala miguu, mtu aliyeko njiani kurudi hawezi pia kuwa amesimama mlangoni. Na kijana anakimbilia mwisho kama aliyeacha sufuria jikoni. Lakini anapomwita yule msichana, anamwita kweli. Hujui kama taa itakuwa inawaka, na unataka iwake. Ni wimbo mzuri. Mwambieni asilivue hilo bizimu."

Lathrop aliyaandika yote, hata la sufuria.

Wanawake wa vibandani walikuwa wamesimama nyuma ya kioo, wote watatu, wanajifanya wanapanga karatasi. Verla alipotoka, Nadine akamkumbatia, akanong'ona, "Rangi yangu ya mdomo," na Verla akasema, "Nenda zako," na wote wakaangua kicheko mpaka Eshelman akagonga kioo.

Ijumaa ile alinunua nyama nzuri, akapika viazi ambavyo havikuungua. Alikuja na santuri moja nyumbani, ile yenye mstari mwekundu. Akaiweka kwenye gramafoni yao kuukuu, akaongeza sauti mpaka mwisho kwa ajili ya Orville, na madirisha yakiwa wazi kama kawaida. Orville akaweka viganja vyote viwili juu ya meza ya gramafoni, kwa sababu hivyo ndivyo alivyosikia vitu.

"Bado," Verla akapiga kelele. "Bado... sasa!"

Orville akangoja. Uso ukamfunguka. "Ninayo," akasema. "Tik. Tik. Ninayo, mama!" Ng'ambo ya uzio, mama Hoskins, aliyekuwa na habari zote kasoro mwisho wake, akaita, "Kwa hiyo hawakukufukuza?"

"Hawakunifukuza!"

"Mungu ni mwema! Basi punguza huo muziki wa shetani, mtoto amelala!"

Jumatatu Verla alikuta karatasi yake imewekwa tayari kibandani, na juu yake Nadine ameandika kwa rangi ya mdomo: PASIWE NA NUKTA. Akaifutafuta, akavaa visikilizio, akashusha sindano juu ya santuri mpya ya siku hiyo. Ilikuwa polka. Akodioni mbili na bwana mmoja wa Wisconsin anayeimba puani. Verla akaisikiliza mpaka mwisho, miguu yake yote miwili ndani ya viatu, hakusikia hata neno moja, na akamshukuru Mungu kwa moyo wote.

Upande wa kwanza ulikuwa na vumbi.